Uliza Fundi: Mota ipi izungushe kisu cha kufyekea?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina trekta la nguvu farasi 45 na shamba la miti ya matunda. Matawi yameshuka sana, trekta haliwezi kupita chini yake, na mpaka sasa majani ya chini ya miti nafyeka kwa mkono. Nataka kutengeneza kifyekeo cha pembeni: kisu kimoja cha mita 1.2, kishikwe na mkono wa chuma, kiingie chini ya matawi huku trekta likibaki njiani. Shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine, haiwezi kufika huko, ndiyo maana nimefikiria mota ya haidroliki, inayozungushwa na oili yenye presha. Kitabu cha trekta kinasema pampu inatoa lita 40 kwa dakika kwa presha ya bar 180. Nimepata mota ya obiti ya cc 160, haijachoka, na aliyeniuzia anasema ina nguvu ya kukata shafti. Itafaa? Kama haifai, nitafute ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mota hiyo iweke stoo, usiifunge kwenye kisu. Ni mota nzuri, na aliyekuuzia hakukudanganya kuhusu nguvu zake, ila nguvu alizokusifia sizo zinazokata majani. Siku utakapotengeneza keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo utaitoa na utaifurahia.

Barua nyingi ninazopata juu ya jambo hili zinaanza na mota. Mtu kaiona inauzwa, kaipenda, kaibeba nyumbani, ndipo anauliza ataifanyia nini. Nakuomba ugeuze mwendo huo. Anza kwenye ncha ya kisu, rudi nyuma hadi kwenye pampu, na mota uichague mwisho kabisa. Ukienda hivyo, hesabu yenyewe ndiyo itakayokutajia ukubwa wa mota.

Kisu cha kuzunguka hakikati kwa ukali peke yake. Jani limesimama huru, hakuna kitu kinacholishikilia upande wa pili, kwa hiyo kisu lazima kilipitie kabla halijapata nafasi ya kuinama. Kikija polepole, jani linalala, kisu kinapita, na nyuma yake unaona majani yaliyochanika ncha na kuwa meupe. Vifyekeo vya trekta huendesha ncha ya kisu kwa mwendo wa mita 65 hadi 85 kwa sekunde. Kwa mashine za nyasi za bustani, kiwango cha usalama cha Marekani, ANSI B71.1, kinaweka mpaka wa futi 19,000 kwa dakika, yaani kama mita 96 kwa sekunde. Kwa kifyekeo cha kujitengenezea mimi sikaribii mpaka huo hata kidogo, maana jiwe likirushwa na ncha ya kisu linaondoka na mwendo uleule. Tuchukue mita 75.

Kisu cha mita 1.2 kikimaliza mzunguko mmoja, ncha yake imetembea mita 3.77. Gawa 75 kwa 3.77, unapata karibu mizunguko 20 kwa sekunde, yaani 1,200 kwa dakika. Iandike namba hiyo ukutani. Mimi huandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana, kwa sababu katikati ya kazi mtu husahau alitaka nini na kuanza kukubali alichokipata.

Sasa njoo kwenye pampu. Lita 40 ni cc 40,000. Mota ya cc 160 inameza cc 160 kila inapozunguka mara moja, kwa hiyo kwa dakika nzima itazunguka mara 250, na ukiondoa kinachovuja ndani yake utabaki na 230 hivi. Ncha ya kisu chako itakuwa inakwenda mita 14 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kulaza majani, wala ukinoa kisu hutaubadilisha.

Igeuze hesabu. Chukua cc 40,000, punguza asilimia 8 ya kuvuja, zinabaki 36,800. Gawa kwa 1,200. Jibu ni cc 30 na ushee. Mota unayoitafuta ni ya cc 30 au 31, ndogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, na najua utakapoiona kando ya ile ya cc 160 moyo utasita. Usisite.

Nguvu yake ya kuzungusha unaipata hivi: cc mara presha, gawa kwa 62.8. Kwa cc 31 na bar 150 unapata nyutoni-mita 74, na msuguano wa ndani unapokula sehemu yake, shafti inabaki na kama 65. Nimetumia bar 150 badala ya 180 kwa makusudi. Mipira ya kupitisha oili, kona na njia ya kurudi oili zote zinakula presha, na vali ya usalama ya trekta huanza kuachia kabla haijafika kwenye namba iliyoandikwa kitabuni. Ukipanga kazi yako kwa bar 180, kila utakapokuta majani mazito vali itafunguka, kisu kitazubaa na oili itachemka.

Zidisha 65 kwa 1,200, gawa kwa 9,550: unapata kilowati 8.2, sawa na nguvu farasi 11.

Hapa ndipo wengi wanaponiandikia tena wakiuliza kama nimekosea. Trekta ni farasi 45, iweje kisu kipate 11? Kwa sababu pampu ya trekta iliwekwa kwa ajili ya kunyanyua jembe na kusukuma silinda, kazi ya sekunde chache kisha inapumzika. Haikuwekwa kuzungusha kitu kutwa nzima. Lita 40 mara bar 180, gawa kwa 600, ni kilowati 12, yaani farasi 16, na hapo hujaondoa upotevu wowote. Hakuna mota itakayotoa zaidi ya ilichopewa. Farasi wako wengine wote wako kwenye PTO, na nitafika huko.

Je, 11 zinatosha? Inategemea unaliacha shamba liwe pori kiasi gani. Kipimo changu cha karakana ni farasi 8 hadi 10 kwa kila mita ya upana kwa majani laini yanayofyekwa mara kwa mara, na 15 hadi 20 kwa mita kwa majani marefu magumu yenye vichipukizi vya miti ndani yake. Kwa mita 1.2 na majani laini uko salama, mradi utembee taratibu. Ukiyaacha mpaka yafike magotini, ningekushauri upunguze kisu kiwe sentimita 90. Lakini ukipunguza kisu, usiibakize mota ileile: mzingo umekuwa mdogo, kwa hiyo kuifikia mita 75 kwa sekunde unahitaji mizunguko 1,600, na mota inashuka hadi cc 23. Farasi ni walewale 11, ila sasa wanafanya kazi kwenye upana mdogo zaidi.

Hesabu yote hii imesimama juu ya lita 40 za kitabu, na kitabu kiliandikwa trekta likiwa jipya na injini ikizunguka kwa kasi yake ya juu. Pima mwenyewe kabla hujatoa hela. Chukua ndoo safi ya lita 20 iliyotiwa alama kwa ndani, ufunge mdomo wa mpira imara kwenye ndoo kwa waya ili usirukeruke, weka injini kwenye kasi utakayofyekea, na mtu mwingine afungue lever kwa sekunde 15 tu. Ukipata lita 10, pampu yako bado ina lita zake 40. Ukipata lita 8.5, una 34, na mota yako ni ya cc 26. Usizidishe hizo sekunde. Kwenye matrekta mengi oili hiyo ndiyo inayolainisha gia za nyuma, na pampu ikivuta hewa inaumia haraka. Ukimaliza, rudisha oili kupitia chujio, na uiongeze hadi alama. Kipimo hiki ni cha pampu isiyo na mzigo, hivyo pampu iliyochoka inaweza kukupendezesha macho hapa kisha ikaishiwa ikibanwa. Ukipata fundi mwenye mita ya kupima mtiririko chini ya presha, mlipe, inafaa.

Aina ya mota: chukua ya gia. Inakubali mizunguko 1,200 bila shida, ina sehemu chache, na vipuri vyake havisumbui. Ya pistoni ina ufanisi zaidi lakini bei yake na usafi wa oili inaoutaka havilingani na kifyekeo cha miti ya matunda. Obiti si lazima uiache kabisa. Ya cc 80 kwa lita zako 40 inazunguka kama mara 465, na ukiweka puli ya kuzidisha mara 2.6 unafika 1,200. Beringi za obiti nyingi zinavumilia kuvutwa na mkanda, na mkanda ukikutana na kisiki unateleza badala ya kuvunja kitu. Nimeona kazi safi za namna hiyo. Ila mkanda unataka kukazwa, kufunikwa na kubadilishwa, na chini ya matawi yenye umande na takataka sioni kwa nini ujitwike mzigo huo.

Mota ya gia ina udhaifu mmoja ambao lazima uuheshimu. Shafti yake imetengenezwa kwa kuzungusha, si kwa kubeba. Usifunge kisu moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hata kama shimo limelingana. Kisu kikigonga jiwe kinaipiga shafti ubavuni, na ndani ya mota gia zinasukumwa zikwangue nyumba yake ya aluminiamu. Ukifungua mota iliyotumiwa hivyo unaona upande mmoja umechimbwa njia inayong'aa. Mota hiyo haina dawa. Tengeneza nyumba ya beringi inayojitegemea, yenye beringi mbili za koni zilizoachana vya kutosha, kisu kifungwe kwenye shafti ya nyumba hiyo, na mota ikae juu yake ikiizungusha kupitia kapilingi yenye mpira katikati. Hapo mota inabeba kazi yake tu. Kisu chenyewe nakusihi kiwe sahani ya chuma yenye visu viwili vinavyoning'inia kwenye bolti zake, ili vikikuta kisiki vijikunje.

Kabla ya kununua, tazama mota inazunguka upande gani. Nyingi za gia ni za upande mmoja, na upande huo husomwa ukiwa umeitazama ncha ya shafti. Mota yako itaning'inia shafti ikielekea ardhini. Inayosomeka "kulia" ukiitazama kutoka chini, inazunguka kushoto ukiwa umesimama juu yake. Chora kwenye karatasi, igeuze, hakikisha makali ya kisu yako mbele.

Mipira: nusu inchi kwa ndani kwa njia ya presha, robo tatu kwa njia ya kurudi, na hiyo ya kurudi iende moja kwa moja kwenye tangi kupitia filta, isipitie kwenye vali ya lever. Zungushia kifyekeo sketi ya bamba zito, na upande wa mbele minyororo mifupi iliyobanana.

Na kama baada ya haya yote unaona unahitaji farasi 20 na zaidi, nunua pampu ya kufunga kwenye PTO, yenye gia ya kuzidisha mara 3. PTO ya 540 inaizungusha mara 1,620, na pampu ya cc 50 inakupa kama lita 75 kwa dakika. Mota inapanda hadi cc 58, na kwa bar 160 kisu kinapata farasi 22 kwa mizunguko ileile 1,200. Lakini fahamu gharama yake: ili kupata hizo 22 kwenye kisu, kwa bar 180 kwenye pampu, PTO inatoa kama 35. Zinazopotea njiani zote zinageuka joto ndani ya oili, karibu kilowati 10 ukifanya kazi kwa nguvu zote. Huwezi kuitegemea oili ya trekta kwa hilo. Unahitaji tangi lake peke yake, mimi ningeanzia lita 150, na rejeta ya oili yenye feni. Oili ikipita nyuzi 80 za Selsiasi inakuwa nyepesi, mota inavuja zaidi ndani, na sili zinaanza kukauka. Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu kifyekeo cha nyuma ya trekta, mahali ambapo shafti ya PTO inafika bila taabu, namwambia atumie shafti na gia boksi, hapotezi chochote cha maana. Haidroliki ni ya mahali shafti haifiki. Wewe shafti haifiki, kwa hiyo uko kwenye njia sahihi.

SWALI: Mama fundi, heshima yako. Kifyekeo changu kina mota ya gia na kinakata vizuri mno. Tatizo ni sili ya shafti. Nimebadilisha sili, nikabadilisha mota nzima, na ile mpya nayo imetapika sili. Nimechunguza: haitoki nikiwa nakata, inatoka nikirudisha lever ili kuzima. Mafundi wawili wameniambia ni mota mbovu.

JIBU: Mota si mbovu, na nashukuru umechunguza ni wakati gani inatoka. Hilo ndilo linaloonyesha tatizo lilipo.

Kisu cha kilo 12 na urefu wa mita 1.2, kikizunguka mara 1,200 kwa dakika, kimebeba nishati ya jouli zaidi ya 11,000. Ni kama gunia la kilo 100 lililoachiwa kutoka urefu wa mita 11. Ukirudisha lever katikati, vali ya trekta inaziba njia zote mbili za oili papo hapo, lakini kisu hakijui kama umezima. Kinaendelea kuzunguka, na sasa kisu ndicho kinachoizungusha mota. Mota imekuwa pampu. Inasukuma oili kwenye njia ya kurudi iliyozibwa, presha inapanda ghafla kupita kitu chochote ulichopanga, na upande wa kuingilia inavuta mahali pasipo na oili. Sili iko karibu na upande huo uliobanwa, na sili ya shafti ya kawaida imeundwa kuvumilia bar chache tu. Inasukumwa nje. Siku nyingine itakuwa shafti, au kichwa cha mpira.

Dawa ya haraka, ambayo unaweza kuijaribu leo bila kununua kitu, ni kuangalia kama lever yako ina nafasi ya kuelea, ile unayotumia silinda ifuate ardhi. Nafasi hiyo inaunganisha njia zote mbili na tangi. Zima kifyekeo kwa kuipeleka lever huko, usiisimamishe katikati, na kisu kitapungua chenyewe mpaka kisimame.

Dawa ya kudumu ni vali ya mwelekeo mmoja inayofungwa palepale kwenye mota, kati ya njia ya kutoka na ya kuingia, ikitazama kwenye kuingia. Ukiwa unakata, presha ya kuingia inaifunga na haifanyi kitu. Ukizima, oili inayotoka inaisukuma, inarudi mlango wa kuingilia, na inazunguka humo bila kubanwa mpaka kisu kichoke. Kuna mota zinazouzwa na vali hiyo ndani yake, na ukibadilisha tena, itafute ya namna hiyo. Kama unataka kisu kisimame haraka, na mota yako ina njia ya mvujo wa ndani nitakayoieleza hapa chini inayoiokoa sili, ongeza vali ya breki, ambayo inaizuia oili ya kutoka kwa presha iliyopimwa. Iweke juu kidogo ya presha ya kazi, isizidi hapo.

Angalia na kapla za kuchomeka zinazounganisha mipira. Hizo ndogo zinabana njia ya kurudi hata zikiwa safi. Na kama ile ya kurudi haikukaa sawasawa, ikachomoka huku mota inasukumwa, sili haimalizi hata sekunde. Mimi kwenye njia ya kurudi ya mota natumia kapla kubwa kwa saizi moja kuliko ya presha, au naunganisha kwa nati kabisa. Kisha tazama kama mota yako ina tundu dogo la tatu. Likiwepo, hilo ni la mvujo wa ndani, na lazima lipate mpira wake mwenyewe mpaka kwenye tangi, bila vali wala kuunganishwa na njia ya kurudi. Nimeona watu wameliziba kwa plagi wakidhani ni tundu la ziada.

Ukiwa unatafuta panapovuja, usipapase mipira kwa mkono, hata ukiwa umevaa glavu. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa bar 150 inaingia ndani ya nyama, na juu ya ngozi huoni ila alama ndogo isiyouma sana. Watu wamepoteza vidole na mikono kwa kusubiri kesho. Pitisha kipande cha boksi la karatasi, zima, shusha presha, ndipo ukaze. Ikimpata mtu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa ni oili iliyoingia kwa presha, kwa sababu jeraha hilo ni la kupasuliwa.

SWALI: Hujambo fundi. Nimepewa mota ya gia ya zamani, kibao chake kimeliwa na kutu, hakisomeki kabisa. Nitajuaje ni ya cc ngapi?

JIBU: Sijambo. Unaweza kuipima mezani. Isafishe kwa nje, ibane kwenye jiliwa matundu yakitazama juu, na ujaze oili safi nyepesi kwenye tundu la kuingilia huku ukizungusha shafti taratibu mpaka oili itoke upande wa pili bila mapovu. Funga mpira mfupi kwenye tundu la kutokea, uelekee kwenye chombo cha kupimia chenye alama za mililita. Weka alama ya rangi kwenye shafti, kisha izungushe mara 10 kamili kwa spana, mwenzako akiwa anaongeza oili upande wa kuingilia usikauke. Ukikusanya mililita 310, ni mota ya cc 31. Rudia mpaka majibu yakubaliane.

Kisha pima uso wa kufungia kwa vernia. Duara la katikati likiwa milimita 82.55 na mashimo mawili ya bolti yameachana milimita 106.4 kati kwa kati, ni SAE A, moja ya saizi sanifu za uso wa kufungia. Likiwa milimita 101.6 na bolti zimeachana 146, ni SAE B. Hizo hazikuambii cc, lakini zitakuambia ni kapilingi na bamba gani la kufungia utafute: shafti ya meno ya SAE A kwa kawaida ina meno 9, ya SAE B ina 13.

Wakati unaizungusha kwa spana, sikiliza kwa mkono. Inapaswa kwenda kwa uzito uleule mzunguko mzima. Ikikwama mahali palepale kila inapopita, gia au nyumba yake imejeruhiwa. Na shafti ikicheza ubavuni ukiisukuma kwa kidole gumba, beringi zake zimekwisha. Mota ya namna hiyo itazunguka bila mzigo ukaidhani nzima, lakini ikikutana na majani itakosa nguvu na kuchemsha oili, na chenga zake za chuma zitaingia kwenye tangi la trekta lako.

Usiifunge.